Bakuli la mafyulisi

Katika mwezi wa saba wa mwaka 2024, shule yetu ya Kalemie ilipofungwa, nilipata neema ya kusafiri mpaka Marekani, katika jimbo la Georgia, kumsalimu yaya yangu. Tulikuwa hatujaonana tangu mwaka 1998, siku alipovuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi pamoja na mumewe, vita vikiwa nyuma yao. Alikaa katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, zaidi ya miaka ishirini, na watoto wake wote watano walizaliwa humo. Mwaka 2022 walipelekwa kukaa katika mji mdogo wa Clarkston, karibu na Atlanta. Habari za ndege, hati na maulizo ya ofisini sitazisema. Aliyepata kuomba viza azijua, na asiyepata asitamani kuzijua. Nataka kuwasimulia habari za bakuli moja la kioo.

Clarkston ni mji wa watu waliotoka mbali. Asubuhi ya kwanza nilikwenda dukani pamoja na binti mkubwa wa yaya, nikasikia lugha sita au saba kabla ya kufika penye mikate. Wako Waburma, Waethiopia, Wasomali, Waafghani, na Wakongo wengi, hata mtu aweza kununua unga wa muhogo na mafuta ya mawese pasipo kusema neno moja la Kiingereza. Hilo lilinifaa sana, maana mimi nilisomeshwa kwa Kifaransa, na Kiingereza changu ni cha kuulizia njia tu. Udongo wa huko ni mwekundu kama ule wa Lubumbashi nilikosomea ualimu. Mvua ilipokunya siku ya pili, maji yalitiririka kando ya barabara mekundu vilevile, nikasahau kitambo kidogo kwamba nilikuwa ugenini.

Bakuli hilo nililiona juu ya kabati ya jikoni. Lilikuwa la kioo kizito kisichopasuka motoni, la mraba, safi kabisa, tena limefunikwa kitambaa kama kitu cha altareni. Nilipotaka kulishusha ili tutilie mboga, yaya alinizuia mkono. "Hilo si letu," akasema. "Ni deni."

Ndipo aliponieleza. Katika juma la pili tangu kufika kwao, yule bibi jirani, Mwamerika mweusi mwenye miaka zaidi ya sabini, alivuka ua akiwa amelichukua kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na chakula cha moto, juu kikavu chenye rangi ya karanga zilizokaangwa, chini yake matunda ya manjano yakiogelea katika maji ya sukari. Hawakujua ni nini wala huliwa lini. Walikila chote siku hiyo kwa vijiko, watoto wakalamba pembe za bakuli. Binti aliulizia jina shuleni, akaambiwa ni kobla ya mafyulisi.

Tunda hili, kwetu, wengine hulijua kwa jina la Kifaransa, pêche. Seminarini padre mmoja alitufundisha kwa kicheko kwamba neno hilohilo lina maana ya uvuvi, na kwamba ukilitamka vibaya kidogo unakuwa umetaja dhambi. Yaya yeye husema fyulisi, kama alivyosikia kwa Watanzania wa Kigoma, nami nitamfuata yeye.

Basi, kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hata chumvi kidogo, hata mayai mawili, lazima kirudi na kitu. Yaya aliazimia kukirudisha na chakula kilekile, ili bibi aone kwamba zawadi yake ilifahamika. Alimwendea aombe kufundishwa. Bibi alifurahi, akamtajia mapishi yote kwa mdomo, binti akiandika. Lakini akaongeza sharti moja: mafyulisi yawe ya Fort Valley, tena yawe ya majira yake. Ya mkebe hakutaka kuyasikia. Wakati huo mavuno ya 2022 yalikuwa yanakwisha. Wakaagana kungojea mwaka mwingine.

Mwaka mwingine mafyulisi hayakuwako. Mti wa fyulisi, wasomaji wapenzi, ni mti wa ajabu: watamani jua, na hata hivyo hauzai vema pasipo baridi. Katika miezi ya baridi lazima ulale usingizi, ukipata mamia ya saa za hewa iliyo chini ya digrii 7. Usipolala vya kutosha hutoa maua machache na kwa fujo. Na ukiamka mapema mno, maua yake hukutwa na jalidi, nayo maua hayana nguo. Mambo hayo yote mawili yaliupata Georgia mwaka 2023: baridi ilikuwa hafifu, miti ikachanua kabla ya wakati, kisha katika mwezi wa tatu jalidi ikashuka usiku. Zaidi ya sehemu tisini kwa mia za mafyulisi ya jimbo zima zilipotea. Yaliyobaki yaliuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa usiku hawezi kuiangalia mara mbili. Bakuli likabaki juu ya kabati mwaka wa pili. Yaya alianza kumsalimia bibi kwa mbali, akipita upesi, jinsi afanyavyo mtu mwenye deni dukani. Bibi alidhani labda amemkosea kwa neno fulani.

Siku ya tano ya kukaa kwangu, mume wa bibi alifariki. Tuliona magari yakisimama mbele ya nyumba yao tangu alfajiri. Yaya alisimama dirishani kwa kitambo, kisha akageuka akaniambia: "Mwalimu, kesho utakwenda na shemeji yako kutafuta matunda."

Shemeji hufanya kazi usiku katika kiwanda cha kuchinjia kuku. Alirudi saa moja ya asubuhi, akanawa uso, akanywa chai, akasema twende. Fort Valley iko kusini, mwendo wa saa mbili kwa barabara kubwa, kupita Atlanta na Macon. Tulipokuwa Atlanta nilihesabu njia nyingi zenye jina la mti wa fyulisi, hata nikachoka kuhesabu. Jimbo lote hujiita Jimbo la Fyulisi na limechora tunda hilo juu ya vibao vya magari. Lakini yafaa niseme kweli: si Georgia inayozaa mafyulisi mengi kuliko wengine. California huyazaa mara nyingi zaidi, na hata South Carolina, jirani yake, huipita. Shemeji aliposikia hayo kutoka kwangu alicheka, akasema nisithubutu kuyatamka mbele ya bibi, hasa siku za msiba.

Mafyulisi si ya Georgia kwa asili, wala si ya Marekani. Wachina ndio waliolima mti huu kwanza, zamani sana. Ukapita kwa Waajemi, na ndiyo maana wataalamu wa mimea huuita kwa jina la Uajemi, halafu ukafika Ulaya. Wahispania waliuvusha bahari katika karne ya 16. Wenyeji wa nchi, Wamuscogee na Wacherokee na wengineo, waliupenda wakaupanda vijijini mwao, ukaenea bara upesi hata Waingereza waliofika baadaye walidhani ni mti wa porini wa nchi hiyo.

Biashara kubwa ilikuja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865. Kabla yake mali ya Georgia ilikuwa pamba, na pamba ilikuwa mikono ya watumwa. Katika miaka ya 1870, mtu aitwaye Samuel Rumph wa Marshallville, karibu na Fort Valley, alipata aina mpya ya fyulisi, akaiita Elberta kwa jina la mke wake. Tunda hilo lilikuwa kubwa, la manjano, na gumu kiasi cha kuvumilia safari. Rumph alitengeneza pia masanduku ya kulisafirisha pamoja na barafu, mafyulisi ya Georgia yakafika New York kwa gari la moshi pasipo kuoza. Mwaka 1924 wilaya mpya ilikatwa kuzunguka Fort Valley, nayo ikapewa jina la tunda lenyewe. Vitabu husimulia habari za Rumph na za barafu. Waliopogoa, waliochuma na waliopanga ndani ya masanduku walikuwa hasa wale waliotolewa utumwani na watoto wao, na majina yao ni nadra kuyakuta kitabuni. Bibi wetu ni mzaliwa wa huko. Alipokuwa msichana alisimama siku kutwa katika banda la kupakia, akitenga matunda mazuri na mabovu. Tunda la fyulisi lina manyoya madogo kama shavu la mtoto, na manyoya hayo yakiingia shingoni penye jasho huwasha usiku kucha. Alimwambia yaya kwamba alijiapia hatalila tena maisha yake yote. Kiapo hicho hakikumshinda kukivunja.

Tulipofika mashambani tulikuta miti imepangwa kama askari, safu baada ya safu juu ya udongo mwekundu. Si mirefu. Huipogoa ikae wazi katikati kama kikombe, jua lishuke mpaka ndani na mchumaji afikie matawi pasipo kupanda juu. Mti huanza kuzaa vema mnamo mwaka wa tatu au wa nne, na baada ya miaka kama kumi na mitano huwa umezeeka, wang'olewa. Maisha mafupi kwa mti! Mwembe wa babu yangu umezika vizazi vitatu. Siku hizi wachumaji wengi hutoka Mexico kwa vibali vya msimu. Niliwaona wakipita kasi, mifuko vifuani, wakichuma hili na kuliacha lile, maana mti mmoja hupitiwa mara kadhaa, kwa sababu matunda hayaivi siku moja.

Mama mmoja aliyeuza penye banda alinifundisha kuchagua. Mimi nilikuwa nakusanya yale mekundu kabisa. Alinitikisia kichwa. Wekundu ni pambo tu, jua limeupaka. Tazama mahali kikonyo kilipokuwa: pakiwa na rangi ya kijani, tunda lilichumwa kabla ya siku zake. Pakiwa manjano, chukua. Kisha linuse. Fyulisi lisilo na harufu halina kitu cha kukupa. Tena alituuliza kama tunataka yale ambayo nyama yake huachana na kokwa, maana yale ya mwanzo wa msimu huing'ang'ania, hata mpishi hukasirika. Tulichukua kumi na sita ya kuachana. Shemeji alilipa, akasinzia kidogo ndani ya gari kivulini, tukarudi.

Sasa mapishi, kama bibi alivyoyatamka. Siagi kiasi cha gramu 110 huwekwa ndani ya bakuli na kuyeyushwa katika tanuri. Unga wa ngano kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja, maziwa kikombe kimoja. Kikombe cha kule ni karibu robo ya lita. Vijiko vidogo viwili vya unga wa kuumulia, na chumvi kidogo. Vitu hivyo hukorogwa mbali viwe uji mwepesi. Mafyulisi saba au manane hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa nusu dakika au dakika moja, kisha katika maji baridi, na ngozi huteleza yenyewe kama soksi. Hukatwa vipande, kokwa hutupwa wala hazitafunwi, kwa kuwa mbegu iliyomo ina sumu. Vipande hupashwa moto katika sufuria pamoja na sukari nusu kikombe, maji ya limau na mdalasini kidogo, mpaka vitoe maji yao. Halafu uji humiminwa juu ya siagi, na matunda huwekwa juu ya uji. Tanuri iwe digrii 350 kwa kipimo chao, karibu 180 kwa kipimo chetu, dakika 45 au 50.

Kabla ya kuanza, yaya aliligeuza bakuli. Chini yake palikuwa na utepe wa gundi wenye jina la bibi, lililoandikwa kwa wino. Ndivyo wafanyavyo watu wa huko wapelekapo chakula penye msiba au ugonjwa, ili vyombo visipotee. Miaka miwili yaya alikuwa ameliosha bakuli akizunguka utepe huo kwa vidole. Aliubandua polepole kwa ncha ya kisu, akaubandika juu ya mlango wa kabati.

Hapa lazima niungame. Yaya alikuwa amekwenda kumfumbata mtoto mdogo aliyelia, akaniachia bakuli likiwa tayari kuingia motoni. Nilitazama, nikaona siagi inaelea pembeni, uji uko katikati, matunda juu, kila kitu peke yake. Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kusahihisha. Nikatwaa mwiko, nikakoroga vyote vizuri sana.

Kilichotoka baada ya dakika 50 kilikuwa bukari la matunda, zito, bichi katikati, lenye mafuta juu. Binti alichukua daftari lake akanionyesha pasipo kusema kitu. Chini ya ukurasa alikuwa ameandika maneno ya bibi kwa herufi kubwa, na kuyapigia mistari miwili: USIKOROGE. Sababu nimekuja kuielewa. Siagi sharti ilale chini na pembeni, iukaange uji. Uji ukipata moto huumuka, hupanda kati ya matunda na kuyafunika, nayo hushuka. Ukikoroga, umewafunga wote kamba moja na hakuna awezaye kupanda.

Yalibaki mafyulisi manane na saa tatu kabla ya watu kukusanyika kwa bibi. Yaya hakunigombeza. Aliosha bakuli, akasema, "Wewe angalia saa." Basi niliangalia saa. Mara hii nilichuchumaa mbele ya kioo cha tanuri, nikauona uji ukitoka pembeni kama maji ya chemchemi, ukipanda taratibu, mpaka vipande vya mwisho vikazama. Juu palipokuwa na rangi ya karanga na maji ya sukari yakatokota pembeni, yaya alilitoa, akaliacha dakika ishirini maji yashikane. Ndipo alipoubandika utepe tena, safari hii ubavuni, mahali palipokuwa pamekwisha kupoa.

Tulivuka ua wote wanane, watoto wakiwa na nguo za Dominika. Nyumba ilijaa. Mezani palikuwa na kuku wa kukaanga, nyama ya nguruwe, maharagwe, mabakuli zaidi ya ishirini, na kobla nyingine mbili. Niliona yaya akipunguza mwendo. Lakini bibi alikuwa amekwisha kumwona. Alisimama kutoka kitini kwake kwa shida, akaja mwenyewe, akalipokea bakuli kwa mikono miwili juu ya kitambaa. Akauona utepe. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani tumekosea jambo.

"Mwandiko wake huu," binti alitutafsiria kwa sauti ndogo. "Babu ndiye aliyekuwa akiandika majina chini ya vyombo vyote. Bibi asema mwandiko wake yeye hausomeki."

Bibi aliubandua utepe kwa kucha, akaubandika juu ya kifuniko cha ndani cha kitabu kilichokuwa kitini pake. Halafu aliagiza kijiko. Alionja akiwa amesimama, watu wote wakitazama, akasema kwamba sukari imezidi kidogo, akachota tena. Yaya alitaka kueleza habari za miaka miwili, za jalidi na za aibu, na binti akaanza kutafsiri, lakini bibi alimshika yaya mkono akamketisha kando yake, na hapo yaya alikaa mpaka usiku, pasipo lugha.

Wakati wa kuagana bakuli lilikuwa limeoshwa. Bibi alilitia mikononi mwa yaya, akakataa kulirudisha.

Hapa Kalemie hatuna mafyulisi, wala tanuri la umeme nyumbani kwangu halipo. Mwezi wa kumi na mmoja tulijaribu kwa maembe. Watu wa Georgia wa zamani nao hawakuwa na tanuri: walipika katika chungu cha chuma, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, jinsi mama zetu wanavyooka mikate. Tulitumia sufuria nzito juu ya mbabula, makala machache chini, mengi juu. Ya kwanza iliungua chini. Ya pili ililiwa yote, watoto wakalamba sufuria. Mke wangu, aliyekwisha kuhadithiwa yote na yaya kwa simu, aliuficha mwiko kabla sijaingia jikoni.